Sanamu ya Baba Kule Kariandusi

Rongai,
Jumapili, 11 Februari 2024

Kaka yangu Muiruri,

Nakusalimu nikiwa kwenye meza ya mama, ile yenye mguu uliofungwa waya. Huku sisi ni wazima wa kutembea, hata kama si wa kucheka. Abby wangu yuko kidato cha tatu sasa na amenipita kwa urefu. Anasema anakumbuka ukimbeba mabegani, lakini nafikiri ni mimi nilimwambia. Mahindi tulivuna kidogo, viwavi walitutangulia. Ng'ombe mwekundu alizaa ndama dume. Kanisa letu limepata mabati mapya na mvua ikinyesha hatusikii mahubiri, jambo ambalo wengine wanalishukuru.

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute kalamu. Baba yuko hapa kwangu.

Nyumba ya Nakuru ilipigwa mnada kabla ya Krismasi. Walimtoa nje na kiti kimoja na picha zake. Watu walipita wakimtazama, na hakuna aliyesimama. Mimi nilipigiwa simu na askari wa lango, yule aliyekuwa akifukuzwa na kurudishwa kila mwezi. Ningefanya nini? Nilimleta hapa kwenye hii ekari moja ya mama, yeye ambaye bonde lote lilikuwa likisimama akipita.

Najua unavyojisikia ukisoma hili. Huu ni mwaka wa tisa tangu asimame kortini na kuapa kwamba hakujua lolote, kwamba ni wewe mwanawe peke yako uliyepeleka tingatinga Kariandusi siku ukuta ulipomwangukia Masinde. Nilikuwa benchi la nyuma. Nilisikia kama ulivyosikia. Sikuambii usahau.

Lakini yeye ameanza kusahau, Muiruri. Si kusahau kwa uzee wa kawaida. Ananiita kwa majina ya makarani wake. Kitu kimoja tu hakijamtoka, nacho ni ile sanamu yake. Kila asubuhi anavaa koti, anakaa kitandani na kusema, "Nipelekeni Kariandusi nikaione. Waambie watu wajipange." Hajui kwamba korti ilirudishia watu ile ardhi. Hajui kilichotokea pale mlimani. Mimi namwambia kesho, mzee, kesho.

Halafu ananiuliza wewe uko wapi. Nilimwambia uko kazini mbali. Tafadhali mwandikie barua moja tu, hata mistari miwili. Pengine akisikia kutoka kwako atatulia, nami nipate kulala.

Dada yako,
Wangui

*

Gerezani,
3 Machi 2024

Wangui, mwana wa mama,

Salamu zako zimefika na nimezisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mimi niko sawa. Niko karakana ya seremala pamoja na Okeyo, mtu wa mtaa wa Kisumu Ndogo huko Nakuru, anayejua kuimba na kupiga randa kwa wakati mmoja. Tunatengeneza viti vya ofisi ambazo hatutaketi ndani yake. Mgongo unauma wakati wa baridi. Mpe Abby salamu zangu. Mwambie ndama dume asiuzwe mapema, aachwe akue.

Kuhusu Mheshimiwa, sina la kuandika.

Unasema mistari miwili. Alikuwa na nafasi ya kusema mistari miwili mbele ya hakimu, na wakati huo akili yake ilikuwa timamu kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Usiniombe tena.

Ila nataka kujua kitu. Kuna mtu aliletwa hapa kutoka Gilgil, na anasema sanamu iliangushwa. Anasema waliifunga kamba shingoni wakaivuta kwa trekta, na akina mama wakapiga vigelegele. Ni kweli? Nilikuwepo siku inazinduliwa. Unakumbuka watoto wa shule waliimba juani mpaka wawili wakazimia, na yeye akasema muziki uendelee? Unakumbuka yale maneno ya shaba pale chini, BONDE HILI NI KAZI YA MIKONO YANGU? Mikono yake haikuwahi kushika hata jembe.

Kama imeanguka, mwambie. Mwambie ilivutwa kama ng'ombe aliyekufa. Kwa nini wewe ubebe uongo wake tena?

Usipige simu ya ofisini hapa. Kwenye simu nitamsikia nyuma yako.

Kaka yako,
Muiruri

*

Rongai,
14 Aprili 2024

Muiruri,

Mvua imekuja kwa hasira mwaka huu. Barabara ya kwenda mtoni imekatika, na wanaume wanavusha watoto wa shule mgongoni. Tumepanda lakini mbegu nyingine imesombwa. Abby amefunga shule. Ningesema anakusalimu, lakini leo hayupo hapa. Nitakueleza.

Ni kweli iliangushwa. Ni miaka minne sasa. Nilipita pale mara moja nikienda mazishi Gilgil. Vimebaki viatu tu juu ya lile jukwaa, viatu vikubwa vya saruji, na vyuma viwili vilivyopinda vimetokeza kwenye vifundo. Kiwiliwili walikivunja wapate nondo za chuma, na kichwa kilibingirishwa kwenye mashimo wanamochimba chokaa nyeupe. Herufi za shaba ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Watu wameanika vitunguu pale.

Na nilimwambia baba, kama ulivyoniagiza. Nilimkalisha nikamwambia polepole. Alilia, Muiruri. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa mama. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, akauliza, "Niliwakosea nini?" Asubuhi yake alivaa koti akakaa kitandani akasema, "Nipelekeni Kariandusi." Hakukumbuka kitu. Mimi nimwambie tena? Nimuue mara ngapi?

Wiki iliyopita alimpiga Abby kwa fimbo. Alidhani ni mwizi aliyetumwa na wapinzani. Mtoto ameumia mkono, amekwenda kukaa kwa rafiki yake Natalie hapo kituoni, na ananiambia, "Mathe, chagua, mimi ama yeye." Nimeanza kumfungia baba chumbani kwa kufuli nikienda shambani. Namsikia akihutubia ukuta. Majirani wanasikia pia.

Nimewapigia marafiki zake. Wengi hawachukui. Mmoja alichukua, yule mnene aliyekuwa akimshikia mwavuli kila mkutano. Akaniambia, "Wangui, mimi sikuwa karibu sana na baba yako." Nilicheka mpaka nikaogopa.

Na kuna jambo la mama. Hukuwepo alipokuwa akifa, hawakukuruhusu. Alinishika mkono akasema, "Huyo mtu usije ukamlaza kando yangu. Alinipa maisha ya kuwa nyuma yake, kaburini nipe nafasi yangu." Niliahidi. Sasa baba hana ardhi. Mtu aliyegawa mashamba ya wazungu kama mtu anavyokata keki, hana mahali pa kulazwa. Nafikiria hayo nikikamua.

Halafu wewe. Hukumu yako ilikuwa miaka kumi na minne, na wanasema mtu akitulia hupunguziwa theluthi. Nikipiga hesabu, naona ni karibu. Hunitajii lolote. Mbona hunitajii?

Wangui

*

9 Juni 2024

Dadangu,

Nimechelewa kujibu. Pole kwa mkono wa Abby. Usimlaumu kwa kuondoka, na akirudi mpe chumba cha mbele chenye dirisha.

Barua siku hizi zinakawia sana langoni. Kuanzia sasa tumia sanduku la posta la Pasta Mwaura wa Naivasha, nimekuandikia nyuma ya bahasha. Yeye hututembelea na ni mtu wa kuaminika. Usije kunitazama kwa sasa. Kuna mambo ya utaratibu.

Nashukuru umeniambia maneno ya mama.

Hukuniomba tena nimwandikie, lakini kila sentensi yako inaniuliza juu yake. Basi nami nakuuliza. Huwa anasema nini juu yangu akinitaja? Usiniandikie ya kunifurahisha, na usitie chumvi ya kunilainisha. Andika anavyosema.

Muiruri

*

Rongai,
18 Agosti 2024

Kaka Muiruri,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Abby amerudi, mkono umepona, na amewekwa chumba cha mbele kama ulivyosema. Ndama amekua. Zaidi ya hayo sina habari njema, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Juma lililopita baba alikwenda Kariandusi.

Siku hiyo sikufunga kufuli. Alikuwa ameamka akanijua. Aliniita Wangui, akaniuliza kama nimekula. Ningewezaje kumfungia mtu aliyeniuliza hivyo? Nilikwenda posho mill kusaga mahindi, niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na suti yake ya kijivu haikuwepo msumarini.

Nilizunguka Rongai yote nikiuliza. Mwishowe dereva wa lori la mahindi anayeitwa Kemboi aliulizia nambari yangu akanipigia. Alikuwa amemkuta baba pale barabara kuu, amesimama katikati akipunga mkono kama anayesimamisha msafara. Kemboi akamtambua. "Nilimbeba kwa sababu baba yangu alimwogopa sana," akaniambia. "Nikashindwa kumkatalia. Lakini nimemshusha Kariandusi, na tangu hapo moyo wangu hautulii. Mama, nenda."

Nilifika alasiri, mvua ikinyesha. Nilipanda kile kilima nikiteleza kwenye ule udongo mweupe mpaka miguu yangu ikawa kama ya mtu aliyekanyaga unga. Watu walikuwa wamejibanza chini ya mabati ya kibanda cha chai. Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea.

Baba alikuwa ameketi juu ya jukwaa katikati ya vile viatu viwili, suti imelowa imemganda. Na kando yake alisimama Sue, mjane wa Masinde. Alikuwa amemshika mkono wa koti. Hakuwa amemkaba wala hakuwa akimpiga. Alikuwa amemshika tu kitambaa, vidole vimekakamaa.

Mwenye kibanda alinieleza yaliyotangulia. Baba alifika akawauliza wauza vitunguu, "Hivi viatu ni vya nani?"

Wakamwambia, "Ni vya mtu fulani aliyesumbua watu zamani."

"Aliitwa nani?"

Mmoja akataja, "Waithaka."

Baba akalitafakari hilo jina, jina lake mwenyewe, akatikisa kichwa. "Simjui," akasema. Halafu akacheka. "Watu wajinga. Wanajenga viatu bila mtu."

Muiruri, alisafiri njia yote hiyo kwenda kujiona, na hakujiona.

Sue alikuwa akipita na ndoo. Ile sauti ndiyo ilimsimamisha. Aliniambia, "Sauti hiyo ilikuwa kwenye redio kila siku nikipika. Uso umebadilika, lakini sauti siwezi kukosea." Akaweka ndoo chini, akamshika.

Nikamwambia, "Mama, naomba umwachilie. Ni mgonjwa."

"Ataondoka akishasema jina la mume wangu."

"Hana akili tena, mama."

"Na mimi sina mume tena." Hakuinua sauti. Akamgeukia baba. "Sema. Aliitwa nani yule fundi uliyemwangushia ukuta akiwa anatoa vyombo vyetu nje? Nilikuja ofisini kwako mara ngapi nikikaa kwenye benchi? Sema jina lake, mzee, uende zako."

Baba akamtazama kwa adabu kabisa, kama anavyotazama mpiga kura. "Jina gani, mama?"

"Masinde."

"Masinde." Akalirudia kama kitu kigeni mdomoni. "Huyo simkumbuki. Muulize Muiruri. Muiruri anawajua wote. Mimi huwa nafika na kuondoka, yeye ndiye hubaki na watu."

Uliniuliza anasema nini juu yako. Hayo ndiyo aliyosema. Sijaongeza wala kupunguza.

Nilipiga magoti kwenye matope. Nilisema, "Masinde. Nimelisema mimi. Nimelisema kwa niaba ya nyumba yetu."

Sue akasema, "Wewe sikukuuliza."

Baba alianza kutetemeka, meno yakigongana. Sue akageuka akatazama nyumba yake, ile inayojengwa pale kando. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayengoja mtu atoke. Halafu vidole vyake vikaachia. Nikamwomba nimwingize baba ndani apate joto kidogo, maana midomo ilikuwa imegeuka rangi. Akakataa. "Ndani kwangu, hapana." Simlaumu.

Kemboi alirudi na lori akatuchukua. Njia nzima baba aliniuliza kama watu walikuwa wengi. Nilimwambia walikuwa wengi sana.

Tangu siku hiyo anakohoa.

Wangui

*

Rongai,
8 Septemba 2024

Muiruri,

Hujajibu. Sitasalimu, nisamehe, sina pumzi ya salamu.

Ni mapafu. Alilazwa, na daktari akaniita kando akasema, "Mama, kama kuna watu anataka kuwaona, waje." Nimemrudisha nyumbani. Hamezi chochote isipokuwa chai, kijiko kwa kijiko. Nimegeuza godoro, nimemgeuza yeye, nimefua, nimegeuza tena. Abby ameniambia nikalale, atamshika yeye, mtoto huyo huyo aliyepigwa. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka ng'ombe akanigeukia.

Wazee wa ukoo wanasema alazwe kando ya mke wake, ndiyo desturi. Nikiwaambia maneno ya mama wananitazama kama nimeyatunga. Wa Kariandusi nao wametuma mtu kusema asithubutu kupelekwa kule. Kana kwamba ningethubutu. Nimewapigia wale wa zamani mara nyingine, namba zao hazipatikani.

Sikuombi umpende. Sikuombi uandike uongo. Niandikie unitukane ikiwa ndicho kilichobaki, lakini niandikie, nijue kuna mtu mwingine duniani ambaye huyu ni baba yake. Nimechoka kuwa mtoto wake wa pekee.

W.

*

Kihoto, Naivasha,
20 Septemba 2024

Wangui,

Tazama nilipoandikia. Soma tena. Nilitaka uone hilo kwanza kabla sijaanza kujieleza.

Niko nje tangu mwisho wa Mei. Wakati nakuandikia utumie sanduku la Pasta Mwaura, nilikuwa tayari nimepanga chumba hapa Kihoto. Pasta alinisihi nikwambie. Nilimwambia baadaye. Kila barua yako aliniletea mkononi, na akiniona nikifungua alikuwa akitoka nje.

Chumba ni cha bei nafuu kwa sababu ziwa limekuja mpaka nyumba ya tatu kutoka yangu. Asubuhi watu wanatoka na viatu mkononi. Natengeneza milango na vitanda kwa mtu mmoja hapa. Sikutaka kurudi Rongai na kumkuta yeye amekaa kwenye kiti cha mama. Hiyo ndiyo sababu, na haitoshi, najua.

Nilipotoka nilikwenda Kariandusi kabla ya mahali pengine popote. Sue alinifungia mlango wa bati usoni. Nilirudi. Akafunga tena. Nilipokwenda mara nyingine alinitupia nyundo miguuni akasema, "Nyumba mliibomoa. Jenga." Hakuna neno jingine. Basi kila siku nisiyo na kazi nakwenda kujenga. Haniiti kwa jina. Ananipa chakula kwenye sahani ya plastiki nakula nje.

Wangui, siku ile nilikuwa ndani.

Nilikuwa juu ya ngazi nikipigilia mbao za dari. Nilisikia mtu akicheka nje, nikakijua kile kicheko kabla sijajua kwamba nakijua. Nilishuka nikachungulia kwenye nafasi ya dirisha ambalo halijatiwa kioo. Nilimwona. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi kukutana na mtu mwingine, mrefu, mwenye kifua. Nilimwona mzee amevaa suti ya mtu mkubwa kuliko yeye.

Sue alijua nilikuwa mle. Alikuwa akiongea na mimi kama alivyokuwa akiongea naye. Na baba aliposema "Muulize Muiruri," Sue alingoja nitoke.

Sikutoka.

Nilikuona ukija ukiteleza. Nilikuona umepiga magoti. Nilisikia meno yake yakigongana, au nilidhani nayasikia. Nilikuwa na koti langu kavu hapo juu ya benchi. Hatua chache tu. Mwanzoni niliogopa atanitazama na kunijua, na nitalazimika kuwa mtoto wake tena. Kisha nikaogopa zaidi kwamba atanitazama asinijue, na yote niliyombebea yatakuwa yamebebwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nikabaki nimeshika nyundo mpaka lori likaondoka.

Sue aliingia akanitazama. Akaniambia, "Nilimwachilia kwa sababu niliona aibu. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yako." Siku hiyo hakunipa chakula.

Unasema umechoka kuwa mtoto wake wa pekee. Nimesoma sentensi hiyo nikakaa chini sakafuni. Sina haki ya kujipa ruhusa ya kuja hapo kwako. Ukisema nije, nitakuja siku hiyo hiyo. Usiposema, nitaelewa.

Muiruri

*

Rongai,
6 Oktoba 2024

Muiruri,

Barua yako ilifika siku moja baada ya baba kukata roho. Niliisoma nimesimama mlangoni, watu wakinipita na viti vya kukodi. Nilitaka kuichoma. Nilimpigia Pasta Mwaura nikamwambia siku na mahali pa kuzika, nikakata simu kabla hajasema pole. Kama ungekuwa ndani ya nyumba ningekuchapa.

Alikufa alfajiri Abby akiwa amemshika. Aliomba chai, ikaja, akasema ni moto, akangoja ipoe. Wakati inapoa akaenda. Hakusema neno lolote kubwa. Nilingoja, lakini hakusema.

Wazee wa ukoo niliwashinda. Mama yuko peke yake kama alivyotaka. Tulimpeleka baba makaburi ya mji, Nakuru, kule wanakozikwa watu wasio na shamba. Mlinzi wa makaburi ni kijana mdogo. Aliuliza kama marehemu alikuwa na kazi, nikasema alikuwa mwanasiasa. Akasema, "Aah, wako wengi," akatuonyesha safu.

Uliona tulivyokuwa wachache. Mimi, Abby na Natalie, majirani wawili, Kemboi aliyeacha lori nje ya lango, na pasta wetu. Siku zile akiumwa mafua tu watu walijaza ua. Pasta alipouliza nani atazungumza kwa niaba ya familia, nilitazama lango. Ndipo nikawaona mkiingia, wewe na Sue, mkitembea mbalimbali kama watu wasiojuana.

Sikujua utasema nini. Ulivua kofia ukasema, "Mimi ni mwana wa Waithaka. Aliniagiza nivunje nyumba za watu Kariandusi, nikavunja. Masinde alikufa hapo. Alikuwa fundi wa ukuta, alikuwa na umri wangu, na ukuta uliomwangukia aliujenga mwenyewe. Baba yangu alilijua hilo na akakana. Sasa tumzike." Pasta hakujua atazame wapi. Lakini mimi, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, nilivuta hewa ikafika chini.

Halafu ukachukua koleo kwa wale vijana ukakataa kumpa mtu. Ulifukia peke yako. Kemboi alitaka kukusaidia, Sue akamzuia kwa mkono. Nilitazama mgongo wako unaouma ukiinama na kuinuka, nikasema moyoni, akimaliza atanigeukia.

Ulimaliza. Ukaweka koleo chini, ukapita katikati ya makaburi, ukatoka lango la nyuma. Hukunisalimu. Hukumgusa Abby kichwani, na yeye alikuwa amejipanga mbele yako kabisa ili umwone. Sue ndiye alinijia. Aliniambia, "Sikuja kumlilia. Nilikuja nione amewekwa chini." Kisha akaniuliza kama nimekula tangu jana. Sikuwa nimekula. Alinikalisha kwenye jiwe akanipa kiazi kitamu kutoka mkobani mwake, akasimama pale mpaka nikamaliza.

Mtu aliyefanywa mjane na nyumba yetu alinilisha, na ndugu yangu akatoka lango la nyuma.

Sijakusamehe. Siandiki barua ya kukusamehe. Ile siku ya mvua, ulipokuwa na koti kavu, ninaiona nikifumba macho, na nadhani nitaiona muda mrefu. Unasema uliogopa. Mimi pia niliogopa, na nilipiga magoti nikiwa naogopa.

Lakini nimezaliwa na wewe tu. Abby anasoma, Natalie amerudi kwao, na nyumba imenyamaza hivi kwamba nasikia mahindi yakikauka. Nimezoea kugombezwa asubuhi. Naamka tayari kujibu, hakuna wa kumjibu.

Uliomba nikwambie uje. Basi nakwambia: njoo. Usitume kwa Pasta Mwaura, usiandike kwanza, usingoje hasira yangu ipoe kwa sababu haitapoa. Njoo na mguu wako, upitie lango la mbele, ukae kwenye kiti nikugombeze mpaka nichoke, na wewe unijibu. Ukinyamaza tena, itabidi nikuzike na wewe moyoni, na mimi, Muiruri, sina nguvu ya mazishi mengine.

Dada yako,
Wangui